Rangi ya Miguu Yake

Kwetu Unguja mtoto akizaliwa hutazamwa masikio na kucha. Watoto wengi huzaliwa weupe, rangi yao huja baadaye, na wanawake wa nyumba hupenda kukisia: huyu atakuwa maji ya kunde, yule atamfuata bibi yake. Mimi ni mweusi. Mke wangu ni mweupe, kama kwao wote, na tangu nilipoposa pale nyumbani kwao Mji Mkongwe walikuwa wakinitania kwamba nimekuja kuwaharibia rangi. Ulikuwa utani wa mapenzi. Niliuzoea, hata nikaupenda.

Binti yetu alizaliwa jioni katika kituo kidogo cha afya. Alilia, wakampima, wakamwona mzima, na asubuhi tukamleta kwa mama mkwe wangu, maana mke wangu alikwenda kujifungulia kwao kama ilivyo ada ya mtoto wa kwanza. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Mtwara siku tatu tu kabla. Nilikuwa nimeshapika kwenye hoteli za Kiwengwa, nimeuza vitambaa bara, nimefanya kazi Comoro, na sikuwahi kumaliza mwaka mahali pamoja. Safari hii nilijiambia nitatulia.

Saa nne mke wangu alikuwa amelala. Mama mkwe akamfungua mtoto dirishani, kwenye mwanga, ambadilishe winda. Uso ulikuwa mwekundu, na mikono vilevile. Lakini kuanzia magotini kushuka miguu ilikuwa imeiva weusi, na kucha za vidole zilikuwa kama zambarau.

"Haya baba, njoo uone," akaniita huku anacheka. "Kaja na miguu yako!"

"Si nliwaambia? Rangi yangu haifichiki."

"Imeanzia chini. Tuombe isipande juu."

Tukacheka mpaka tukazibana midomo tusimwamshe mzazi. Niliinama nikaibusu ile miguu. Ilikuwa ya baridi. Niliihisi ile baridi mdomoni, nakumbuka vizuri, nikajiambia ni maji aliyofutiwa. Mtoto alikuwa akipumua mbio, kifua kinaruka kama cha ndege aliyeshikwa. Nilimuuliza mama mkwe, akasema wachanga ndivyo walivyo. Tukamvisha soksi.

Adhuhuri mtoto aliacha kunyonya. Tukasema amechoka. Baada ya alasiri akaja binamu ya mke wangu, muuguzi anayekaa Mbweni, na bakuli la uji wa pilipili manga kwa ajili ya mzazi. Alimtania mke wangu, akanawa mikono, akamtazama mtoto, kisha akamvua soksi. Utani ukaisha hapohapo.

"Shemeji, miguu iko hivi tangu lini?"

"Si rangi ya baba yake hiyo?" mama mkwe akasema, lakini sauti yake ilikuwa imeshapungua.

"Mama, hii si rangi. Nnampeleka hospitali sasa hivi. Lete kanga nyingine. Shemeji, vaa viatu, unangoja nini?"

Hospitali ilikuwa dakika kumi kwa miguu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Tangu saa nne ilikuwa dakika kumi.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole, wa maneno machache. Alimfunga mtoto kipimo cha hewa iliyomo kwenye damu, chenye taa nyekundu, kwenye kiganja cha mkono wa kulia, akangoja namba zitulie: tisini na tatu. Akakihamishia mguuni: sabini na nane. Akarudia tena, mkono, mguu. Bila kuinua kichwa akauliza, "Hii rangi mmeiona lini?"

"Sasa hivi," nikasema. "Alasiri hii."

Mama mkwe alikuwa amesimama pembeni yangu. Alitazama ncha ya kanga yake.

Walimpiga picha ya moyo kwa mashine, wakaona umeumbika sawa. Ndipo daktari akanieleza. Mtoto akiwa tumboni hapumui kwa mapafu, kwa hiyo damu huyapita kando, kwa njia yake ya mkato. Akizaliwa akavuta pumzi, mishipa ya mapafu hulegea, damu huingia kuchukua hewa, na ile njia ya zamani hufungwa. Ya binti yangu haikulegea. Presha ya mapafuni ilikuwa juu sana, na damu ikaendelea kupita kulekule ilikozoea. Mkono wa kulia hupata damu yake kabla ya njia ya mkato kuingia, ndiyo maana ulikuwa mwekundu. Miguu hupata iliyochanganyika.

"Kwa hiyo bado anaishi kama yuko tumboni," nikasema.

"Ndiyo. Na hapa hapana mama wa kumpumulia."

Akawekewa hewa puani, kwa mpira unaotoa mapovu kwenye chupa ya maji. Akafunikwa macho. Tukaambiwa asiguswe bila sababu wala asisemeshwe kwa sauti, kwa kuwa akishtuka tu mishipa hubana zaidi. Dawa ya kuilegeza haikuwapo siku ile, nikaandikiwa cheti niitafute Darajani.

Muuza dawa alisoma cheti, akanitazama, akatabasamu. Kumbe ni dawa ileile wanaume wanayoinunua kwa kunong'ona.

"Kaka, bado kijana wewe! Mambo yashaanza kukataa?"

Wateja wawili wakacheka. Mmoja akasema, "Mpe mbili, leo Ijumaa."

Nilicheka nao. Sikuwaambia kwamba itasagwa, igawanywe kwa uzito wa mtoto wa siku moja, ipitishwe kwenye mpira mwembamba hadi tumboni mwake. Nilitia pakiti mfukoni nikarudi mbio.

Siku ya sita mkono na mguu vikasoma namba ileile. Mke wangu alilia mpaka wauguzi wakamkalisha. Mimi nilitazama vile vidole, vilivyokuwa vyekundu kama vya mkono, nikatoka nje.

Alipotimia miaka miwili tukagundua hasikii vizuri. Tulimrudisha kwa daktari yuleyule. Alisema hutokea kwa watoto waliopata ugonjwa ule, hata waliowahishwa. Nilimuuliza kama saa chache zingebadilisha kitu.

"Saa ngapi?"

"Nauliza tu," nikasema.

Mwezi uliofuata nilipanda meli nikaenda Tanga. Baada ya hapo Lindi, kisha Comoro tena. Kazi haikuwa sababu, ingawa nilisema ni kazi. Mama mkwe amefariki, na maneno ya asubuhi ile sasa ninayo peke yangu. Huwa nayakumbuka nikiwa mbali, pamoja na harufu ya uji ule na mwanga wa lile dirisha, na mara nyingine naona nimeikumbuka nyumba yao kwa hamu kuliko ninavyostahili.

Binti ana miaka kumi na moja. Ana rangi ya mama yake, mpaka vidole vya miguu. Anavaa mashine za masikio, na hapendi simu. Anataka aone mdomo wa mtu. Kwa hiyo nikiwa mbali sina namna ya kuzungumza naye, ila nirudi.

Mwaka huu nimerudi. Tunakaa Chukwani. Juzi alikuwa akiandika kazi ya shule, kanipa mgongo, mashine kaziweka mezani kwa sababu zinamchosha. Nikasimama nyuma yake nikasema yote: saa nne, dirisha, baridi niliyoihisi mdomoni, soksi, na nilivyomjibu daktari. Nilisema kwa sauti ya kawaida, wala sikunong'ona.

Alihisi kivuli changu kwenye daftari, akageuka.

"Baba, umesema?"

Alikuwa akinitazama mdomo, anangoja.

"Nimeuliza kama chai ipo," nikasema.

Akainuka kwenda kunitilia.