Wimbo Usio na Mwenyewe

Walinifunga kwa sababu nilimbeba baba yangu. Wenzangu gerezani walikuwa wameiba mbuzi au wamekimbia kodi, na walipouliza kosa langu walicheka mpaka wakashika mbavu. Ilikuwa zamu ya kilima chetu, juu ya Kashuga, kwenda kutengeneza barabara ya serikali, na siku hiyo hiyo baba akaanza kukohoa damu. Mimi na binamu zangu tukamlaza kwenye machela ya mianzi, tukamteremsha hadi dispanseri. Tuliporudi, polisi wa chefu, mtawala wa kienyeji wa eneo letu, alikuwa amekaa mlangoni petu, anakula maharage ya mama yangu. Binamu zangu wakatokomea migombani. Mimi nilibaki, kwa kuwa nilidhani jambo ukilieleza vizuri litaeleweka. Huo ndio ujinga niliokwenda nao buloko.

Buloko, ndivyo tulivyoliita gereza, ilikuwa nyumba ya matofali kwenye posti ya Masisi, kituo cha serikali. Tulivaa fulana za mistari, tukala mihogo iliyooza, na asubuhi tulisimama kuwatazama waliopangiwa fimbo wakilazwa chini. Baada ya hapo tulikwenda kuponda mawe ya barabara ile ile. Mimi, kwa kuwa nilijua jembe, wakati mwingine nilipelekwa kupalilia bustani ya mzungu mmoja aliyekuwa na gramafoni, msaidizi wa administrateur, yaani mtawala wa wilaya.

Boyi wake wa nyumbani alituambia kwamba nyimbo za gramafoni ile ni za wachunga ng'ombe wa Amerika. Gitaa moja, mtu mmoja, na sauti inayopanda hadi inakatika katikati, kisha inaokotwa tena huko juu. Hatukuelewa hata neno moja. Sisi tuliozaliwa karibu na ng'ombe tulikubaliana kwamba mtu huyo amepoteza jike lake lenye maziwa, na majirani wamekataa kumsaidia kulitafuta. Nilizipenda nyimbo zile, na niliona uchungu kuzipenda, maana zilitoka kwenye dirisha la watu walionifunga. Nilirudi kwenye mkeka wangu nikizinong'ona hata hivyo.

Jirani yangu wa mkeka alikuwa mtu wa Itebero, mtu mzima mwenye kifua kipana, aliyefungwa kwa ajili ya dini moja ya msituni iliyokatazwa na serikali. Aliomba bila kitabu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumza na shemeji yake. Nilimdhihaki. Nilibatizwa utotoni, nilijua sala zote za katekisimo, na hakuna hata moja iliyonitoa mle. Siku moja nikamwambia, kwa ubaya kabisa, amwombe huyo Mungu wake amponye baba yangu.

"Umuombe weye mwenyewe," akanijibu. "Miye simujue baba yako."

Nilikasirika, kisha nikaomba. Sikukariri, nilisema tu kwamba baba anakohoa, mama hana nguvu za kumgeuza kitandani, na mimi niko huku naponda mawe. Sikuona mwanga wala kusikia sauti. Lakini kwa mara ya kwanza tangu nifungwe niliona kwamba kuna mtu amenisikiliza hadi mwisho, na nililia kwa furaha. Hilo silikatai hata leo, pamoja na yote yaliyofuata.

Ombi lile nikalitia kwenye sauti ya yule mchunga ng'ombe wa gramafoni:

Mungu, ikaa karibu na baba,
umupatie maji mpaka nifike.

Mtu wa Itebero ndiye aliyekuwa na koo, kwa hiyo aliongoza yeye, nasi tuliitikia huku nyundo zikishuka. Nyimbo za dini zisizotoka misheni zilikuwa marufuku, kwa hofu ya ile dini ya msituni. Mlinzi wetu alijua. Lakini naye aliupenda wimbo wetu, na mawe yalipondeka haraka zaidi.

Hapa lazima nieleze desturi. Kwetu wimbo una mwenyewe kama shamba lilivyo na mwenyewe. Ukiimba wa mwenzako, ukimaliza unamtaja: jina lake, la baba yake, na kilima chake. Usipomtaja wewe ni mwizi, na kwenye karamu hakuna atakayekupa kibuyu cha kasiksi, hata kama pombe ya ndizi imejaa mitungi. Watu wa Itebero nao walifanya vivyo hivyo.

Wiki yangu ya kutoka ilipofika, dada yangu alikuja kwenye uzio akaniambia kwamba baba ameacha kula, lakini bado anasema, na anachosema ni jina langu. Nilikuwa nifunguliwe Jumatatu. Jumapili administrateur akaja kukagua. Mlinzi alitaka aonekane ana wafungwa wenye raha, akatuambia tuimbe. Mtu wa Itebero akaimba ule wimbo, na sijawahi kumsikia akiimba vizuri namna ile. Alipomaliza akatoka mstarini, akasimama wima, akanitaja: mimi, baba yangu, Kashuga yetu.

Mkalimani aliyekuja naye alitafsiri yote, bila kuangusha hata neno.

Administrateur akauliza kama nimeutoa misheni. Nikasema hapana. Akauliza nani kanifundisha kuomba hivyo, nikanyamaza. Mtu wa Itebero akalazwa chini akapigwa fimbo, na mimi nikafutiwa Jumatatu yangu. Siku hiyo tulipaswa kutoka watatu; walitoka wenzangu wawili tu.

"Ningefanya je, kaka?" akaniuliza baadaye, amelala kifudifudi. "Niibe wimbo yako mbele ya batu?"

Ningekuwa yeye ningefanya vile vile. Nilimchukia hata hivyo. Nilimchukia huku nikimwoshea mgongo, na kesho yake tukaponda mawe bega kwa bega.

Baba alikufa maharage yakiwa yanatoa maua. Walinikatalia kwenda kumzika. Niliendelea kuomba, lakini nilimwomba Mungu kama mtu anayegombana na mzazi wake: sikuondoka, wala sikumwonea haya.

Waliponifungua nilimkuta mama amekonda, amekaa penye kitanda kitupu. Aliambiwa tu kwamba kifungo kimeongezwa. Kwa nini, hakuna aliyethubutu kumwambia. Akanipa chakula, akanitazama nikila, kisha akaniambia kwamba wafungwa wawili walilala kwetu walipokuwa wakirudi makwao, wakamwimbia baba wimbo mmoja.

"Baba yako aliupenda sana," akasema. "Alikuwa anauliza kila siku, mwenye wimbo hii njo nani? Alitaka kumushukuru. Balikataa kumutaja. Balikuwa na woga."

Sahani ilikuwa mkononi mwangu. Ningesema ni wangu, ingebidi nimweleze pia kilichonizuia kufika.

"Weye uliusikia kule?" akauliza.

"Niliusikia, mama," nikamwambia. "Lakini mwenyewe simujue."