Lenzi Iliyomeza Malori

Nikinusa siki, hata ya kachumbari, narudi Malaba, kwenye chumba cha giza ambamo baba alisafishia picha kwa dawa ya harufu hiyohiyo. Darasa la nne lilinishinda, sikatai, lakini leo nina studio tatu, na kwa mambo ya lenzi nileteeni profesa yeyote.

Miaka ile ya sabini lenzi ya baba ililiwa na ukungu. Nyuso zilitoka kama za watu walio ndani ya mvuke, wateja wakahamia Busia. Bila lenzi nyingine, studio inafungwa. Ndipo akavuka mpaka Mganda mmoja mpole, na lenzi ya kuuza, ya Kijerumani, ameifunga kwa kitambaa. Baba akaiinua kwenye jua.

"Hii ina mapovu ndani! Umeyeyusha chupa ya soda?"

"Kioo cha zamani ndivyo kilivyo, ssebo," akajibu kwa heshima ya kwao. "Jaribu kwanza."

Yule Mganda mwenyewe akaifunga kwa kamera yetu, akampiga picha mama mlangoni, nyuma yake foleni ya malori na kizuizi cha mpaka. Mimi nililinda mlango asitoroke na kamera. Picha ilipotoka kwa dawa tuliiinamia sote. Mama alikuwa hai, kope moja moja unahesabu. Lakini malori yalikuwa yameyeyuka kama uji.

"Malori yako wapi?" baba akafoka. Mjue, ugali wetu ulitoka kwa mataniboi, wale wasaidizi wa madereva, na kila mmoja alitaka picha na lori lake, namba isomeke, atume nyumbani. "Punguza tundu la lenzi, vya nyuma vitokee. Piga tena."

"Si hapa, mzee. Twende nyuma ya nyumba."

"Nyuma ya nyumba kuna choo na kuku! Nitapima nini?"

"Mzee, mimi nilipiga picha ya mama. Sikupiga mpaka."

"Huyu ni mwizi ama ni mpelelezi," mama akasema bila kushusha sauti. "Chagua moja."

Baba akaamua tundu limekwama, tunauziwa mbovu. Yule mtu akafunga lenzi yake, akarudi kwao jioni hiyo. Studio haikufika Krismasi.

Nilikuwa mtu mzima waliponieleza Waganda waliokimbia kule kwao: askari wakikushuku umepiga picha ya mpaka, watoto wako hawakuoni tena. Lenzi ilikuwa nzima kabisa; tundu alilipanua makusudi, mpaka usitokee. Sisi tulimkodolea macho mikononi, asije akaiba, na hakuna aliyejiuliza kwa nini macho yake hayakutoka kwenye kile kizuizi.