Kanga Chini ya Tenga

Ninyi vijana mtakaosoma haya, shule yangu ni ndogo, lakini niliyoyaona nayajua. Majivu yakinyeshewa yana harufu yake, kali, inashika koo. Juzi mvua ilipiga jiko langu la nje hapa Giheke, nikaisikia harufu ile, nikaacha kutwanga sombe, majani ya muhogo.

Mama yangu alifuga kanga, wale ndege wenye madoadoa meupe. Kanga si kuku. Ukimwachia kabla hajazoea nyumbani anarudi porini, na jirani anamla. Kwa hiyo mama aliwafunika chini ya tenga, juu yake akaweka jiwe ambalo mimi sikuweza kulisogeza. Siafu nao aliwazuia kwa majivu, akiyamwaga kila asubuhi kulizunguka tenga. Jirani yetu Maman Feza alimcheka: "Maman Sifa, ndege bangali bazima na umeisha kubaweka mu majivu? Ongeza na chumvi basi!"

Mimi pia alinifungia. Alipovuka mto wa mpakani kwenda Bukavu kuuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, alifunga mlango kwa nje na kadenasi, yaani kufuli, ufunguo akaufundika kwenye pindo la kitenge. Hakuwa mkatili. Kina mama wengi walifanya hivyo, mtoto asije akapotelea mtoni.

Siku ile mvua ilinyesha mchana, majivu yakawa uji. Ilipokatika nikasikia kanga wanalia, si kilio chao cha kugombana. Nikachungulia kwenye ufa wa mlango. Tenga lilikuwa jeusi tupu, siafu wamelifunika. Lilirukaruka kwa ndani, jiwe halikuanguka. Kisha pakawa kimya, na mstari mweusi ukageukia mlango wangu.

Nilipiga kelele mpaka Maman Feza akaja mbio na jembe.

"Panda ku kitanda! Usishuke, weye!"

"Siafu beko ku miguu yangu!"

"Ufunguo iko wapi?"

"Maman alienda nayo Bukavu!"

Alimtukana mama, akautukana mlango, huku akipiga jembe mpaka bawaba zikang'oka. Alinibeba nje, akanivua nguo, akawang'oa siafu mmoja mmoja. Vichwa vingine vilibaki ndani ya ngozi.

Mama alirudi jioni, akainua tenga. Nilichokiona chini yake sitakiandika. Aliketi kwenye kizingiti, kadenasi mkononi, akalia. Nikamwambia, "Maman, tutanunua kanga bengine." Akalia zaidi. Nilikuwa nimeshazaa mwenyewe ndipo nikaelewa kwamba hakuwa akiwalilia ndege.

Sasa mke wa mwanangu naye anavuka kila asubuhi kuuza nyanya. Juzi hiyohiyo alirudi na kware wa kufuga, akawafunika kwa tenga, akaweka jiwe juu. Kisha akatoa kadenasi mpya kwenye mfuko. Niliichukua mkononi mwake, nikaenda kuitupa chooni.

"Eh, Maman! Na batoto je?"

Nikawaita wote uani, wakubwa kwa wadogo, nikasema:

"Batoto batabaki na mimi. Mu hii nyumba, kitu chenye kupumua kisifungiwe kwa nje. Na ile jiwe ku tenga, mutoe sasa hivi."