Feni Arobaini za Savelich

Rodion Savelich, fundi wa hewa wa kituo chetu cha angani, alikuwa kero. Miezi mitano tulizunguka dunia pamoja, sikuwahi kumwona ametulia hata amalize chai. Akifyonza mara mbili, anauacha mfuko unaelea, huyoo! Utamkuta anapita feni hadi feni, kiganja mbele, akihakikisha kila moja inavuma.

"Savelich, king'ora cha hewa kipo," nilikuwa namwambia. "Njoo ule."

"Na king'ora kikilala, nani atakiamsha?"

Huku juu hewa haijichanganyi yenyewe. Bila feni, pumzi unayotoa inabaki pale pale usoni, unaivuta tena na tena mpaka ikuue. Nilifundishwa hayo miaka miwili. Lakini feni ya kijumba changu cha kulala ilikoroma kama mashine ya kusaga, na ilikuwa siku ya nne sijapata usingizi wa maana. Jumapili, baada ya chakula cha mchana, niliiziba kwa soksi ya sufu aliyonifumia mama, nikajifungia. Kimya. Raha iliyoje!

Nilizinduliwa na makofi. Kichwa kinapasuka, midomo imekufa ganzi. King'ora hakikulia, kwani kipimo chake cha hewa kiko ukumbini. Savelich alikuwa amenikwida fulana, ananitikisa huku analia, na machozi, kwa kuwa huku hayadondoki, yamemjaa tele machoni.

"Nimwambie nini mama yako, Ilnur? Eti soksi imekuua? Mpumbavu we!"

"Umejuaje?"

"Nilisikia sauti moja imepungua."

Moja kati ya arobaini. Niliona aibu, sikuweza kumtazama.

Siku yake ya kurudi, kabla ya kufunga mlango wa chombo, tulikaa kimya kidogo, kama kwetu wanavyofanya kabla ya safari. Kukaa kwenyewe ni kushikilia ukuta. Hata hapo hakutulia, sikio lake lilikuwa kwenye feni. Kisha akanipa ile soksi.

"Hii ni ya mguuni."

Sasa ana miezi miwili duniani. Jana mkewe, Alevtina, alikuja kwenye simu.

"Mwenzio halali, mwanangu. Friji ikinyamaza tu, karuka kitandani. Anakuja kuniwekea kiganja puani aone kama napumua."

Nilitaka kucheka, nikashindwa.

"Mwambie arobaini zote zinavuma, mama," nikasema. "Nimetoka kuzipitia sasa hivi."