Fomu ya Mwende Imebaki Mstari Mmoja

Admin, jina langu liache nje, maana likitajwa hapa, Nairobi itasimama. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na mbili, mtengenezaji wa mabango pale River Road. Sijisifu, lakini hakuna kanisa, saluni wala mgombea kiti aliyejulikana mji huu bila kupita mkononi mwangu. Kuna balozi mmoja wa Spring Valley alikataa harusi ya binti yake ianze mpaka bango langu lifike. Alisharudi kwao, lakini muulizeni.

Nina dadangu mdogo, Mumbua, mjane, anauza mboga kwetu Kitui. Mtoto wake ni mmoja tu, Mwende, na huyo msichana ana kichwa. Shule ya kule haijaona mwalimu wa sayansi mwaka mzima. Mumbua akanipigia simu: "Kaka, wewe ndiye unaijua Nairobi. Nihamie wapi nipate shule nzuri ya serikali na chumba ninachoweza kulipa?"

Mtu mwingine angesema ngoja niulize. Mimi nilijibu hata hajavuta pumzi. "Spring Valley."

Alicheka mpaka simu ikakwaruza. "Kaka, huko kwa matajiri nitalala juu ya mti gani?"

Basi nikazunguka kwa miguu wiki mbili. Niliona kwamba penye kodi rahisi, watoto wamejaa darasani hadi mmoja anaandikia mgongoni mwa mwenzake. Penye nafasi darasani, kodi inataka uuze figo. Mwishowe nikapata shule moja ya serikali upande wa Jamhuri. Madirisha yana vioo, na maktaba yake inafunguliwa, si zile za kufuli. Vyumba vya mabati viko upande wa Kawangware, nusu saa kwa mguu wa mtoto. Nani mwingine angeona hiyo hesabu?

Mwalimu mkuu, mama mmoja asiyecheka ovyo, akaniambia gredi ya saba imejaa. Hapo mdomo wangu ukatangulia. "Madam, mimi ni mtu wa elimu. Nimewahi hata kufundisha Kiingereza kabla niingie biashara."

Akaniangalia vizuri. "Kuna nafasi moja nilikuwa nimeiweka kando. Siku hizi kazi nyingi mtoto anafanyia nyumbani, na nimechoka na nyumba ambazo hakuna wa kumsaidia. Wewe nitakupa. Jaza hii fomu kama mlezi, uilete mwenyewe Ijumaa kabla ya saa sita. Nisipoiona, nampa mwingine."

Nikampigia Mumbua nikamwambia madam alisimama kunisalimia. Dadangu alilia kwa furaha. Siku ile ile akamwambia mwenye nyumba ampe mtu mwingine kuanzia Jumamosi, akauza meza yake ya mboga, akamtuma Mwende kwangu atangulie. Yeye anakuja Jumamosi na lori na vitu vyote.

Jumapili baada ya kanisa tukaketi kujaza fomu. Nilimwambia Mwende miwani nimesahau kazini, asome yeye na aandike. Jina, kijiji, shule alikotoka, akateremka vizuri. Halafu akainua kichwa.

"Anko, hapa wanauliza kiwango cha elimu cha mlezi. Niandike ulimaliza fomu foo ama chuo?"

Mke wangu akajibu kutoka jikoni, "Andika profesa."

Mtoto alicheka. Mke wangu hakucheka.

"Hiyo niachie," nikamwambia Mwende. "Ni mambo ya watu wazima."

Leo ni Alhamisi na fomu bado iko kwa koti. Jana nilifika geti ya shule mara mbili, mara mbili nikageuka. Mke wangu ananiambia, "Baba Mutua, mpigie dada yako asipakie vitu." Nimemjibu nitaongea na waziri. Mwende naye ameshajalidi madaftari yake yote kwa mabaki ya mabango yangu. Moja limeandikwa KARIBU kubwa kwa rangi nyekundu.

Nikiandika uongo, wiki ya kwanza tu kazi ya Kiingereza itakuja nyumbani na madam ataona hakuna aliyemsaidia mtoto. Nikiandika ukweli, nafasi inaenda, na dadangu hana nyumba ya kurudi. Nyinyi mnaosoma hapa, najua wengine wenu ni walimu. Huo mstari niujaze nini kabla ya kesho saa sita? Msinitusi sana.

Na kwa sababu hamnijui, niseme tu. Niliishia darasa la sita. Mabango ya Kiingereza huwa nakopi herufi moja moja vile mteja ameandika. Na miwani sina. Sijawahi kuwa nayo.