Masanja hakumkimbia kaka yangu ulingoni. Nilikuwepo, acheni kupotosha

Wakuu, heshima zenu. Mlionizidi umri, shikamooni.

Mimi humu ni msomaji tu, siandikagi. Ila juzi nimekuta watu wanabishana kuhusu ngumi, bingwa mzee akipanda na kijana anayechipukia nani atapigwa. Mara jamaa mmoja akatupia: "Itakuwa kama Moshi enzi zile, Masanja alipomkimbia Elisaria."

Likes kibao.

Elisaria ni kaka yangu, tumbo moja. Haya nitakayoandika niliyaona kwa macho yangu, na sitampamba mtu, hata yeye.

Ilikuwa miaka ya sabini, zama za kuitana ndugu. Kaka alikuwa bingwa wa mkoa, uzito wa kati, hajawahi kupigwa. Kwetu ni Old Moshi, kahawa na migomba. Mimi nilikuwa kijana tayari, ndiye niliyekaa kwenye kona yake na taulo. Umri ulishaanza kumtupa mkono, ila nani angemwambia?

Masanja alikuwa Msukuma, mkata miwa kule mashambani chini. Kijana mpole. Lakini huo mkono wake wa kulia ukitua, mtu anakaa chini bila kupenda.

Basi mji ukawa ni hao wawili tu. Vilabu vya mbege kuanzia Uru mpaka Njoro, swali ni moja: wakipigana nani anashinda? Walevi walitoana meno kwa ubishi. Shemeji Ndeshi, mke wa kaka, akienda sokoni anazomewa eti mumewe mwoga.

Mkubwa mmoja wa michezo mkoani akaona hapo hapo pana nafasi. Akapanga pambano, Jumamosi mchana, mshindi anaenda kambi ya timu ya taifa.

Wiki hiyohiyo Masanja akapanda mlima kwa miguu mpaka kwetu. Alitukuta uani, kaka anajifua. Akatoa shikamoo, halafu akasema:

"Kaka, jicho lako la kushoto halioni."

Kaka akacheka. "Nani kakudanganya?"

"Tulipofanya mazoezi pamoja, kila nikirusha wa kulia ulikuwa unaushtukia umeshafika. Nikikupiga hapo kwa nguvu nitakumaliza. Sema unaumwa, kaka, jitoe."

"Mimi sijitoi. Unaogopa, jitoe wewe."

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la mtori. Machozi yalikuwa yanamtoka tu, na hapo ndipo nilipojua kwamba ni kweli.

Jumamosi ukumbi ulifurika, watu wananing'inia madirishani. Kaka akapanda ulingoni. Masanja naye akapanda, ila na shati lake na suruali. Akamwambia refa, "Sipigani."

Basi. Hakutoa sababu. Angelitaja lile jicho angemdhalilisha kaka mbele ya mji mzima, kwa hiyo akanyamaza.

Alizomewa. Alirushiwa viti. Alitoka mlango wa nyuma anavuja damu kichwani. Yule mkubwa akamfungia palepale, asiguse tena glavu. Kijana mwenye kipaji kile! Akarudi kwenye miwa, akazeekea huko.

Na kaka yangu? Akanyanyuliwa mkono, akabebwa juu juu kama mfalme.

Kambini hakwenda, akaacha ngumi bila kupigwa. Jicho likafa polepole, akawa anasema ni uzee. Siku moja nikamwambia, "Kaka, waambie watu ukweli." Akanijibu, "Kwani nilimtuma?"

Wakuu, nilimpenda sana kaka yangu. Lakini jibu lile linanichoma mpaka leo.

Alipofariki tulimzika nyumbani. Msomaji wa wasifu akafika pale: "Hata Masanja alimkimbia." Watu wakapiga makofi, msibani! Na Masanja mwenyewe alikuwepo, mzee wa mvi, amekaa nyuma kabisa kwenye migomba.

Nikanyakua kipaza sauti nikaanza kuyasema yote. Sikufika mbali. Mchungaji akaikonyeza kwaya, kwaya ikanifunika.

Baada ya mazishi nikamfuata Masanja, nimwombe radhi kwa niaba ya ukoo. Hakuitaka. Aliuliza kitu kimoja tu:

"Marehemu aliwahi kunitaja kwa wema?"

Nilishindwa kumdanganya. Akavaa kofia yake, akateremka.

Nilichojifunza ni hiki. Hizi "nani angempiga nani" zetu ni tamu kwa sisi tuliokaa kwenye viti. Wale ni watu. Kuna mwingine anakubali kuitwa mwoga maisha yake yote ili mwenzake asipofuke, na sisi tunamlipa kwa viti vya kichwa.

Kama humu kuna aliyekuwepo ukumbini siku ile, hata kama alirusha kiti, aandike. Nipo, nasubiri.