Kiti cha Annis Schofield katika Beni ya Harrowclough

Nilifanya kazi bega kwa bega na Annis Schofield katika kiwanda cha nguo cha kijiji chetu cha Harrowclough, Uingereza, tangu tulipomaliza shule, na sipendi mtu mwingine awasimulie habari zake, kwa sababu wengi huzitia chumvi. Mimi sizitii. Hazihitaji.

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na nywele zake nyekundu alizifunga kitambaa zisije zikanaswa na mitambo. Alikuwa na mdomo usiopumzika, lakini ukiingia kiwandani usingemsikia. Mitambo yote ikifuma kwa pamoja, hata umpigie mtu kelele sikioni hasikii kitu. Ndiyo maana sisi wafumaji tulizungumza kwa midomo mitupu, bila sauti, kila mmoja akisoma maneno usoni mwa mwenzake. Umbea wote wa kijiji ulipita hivyo, juu ya nyuzi, kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Tulizoea mpaka barabarani tukawa tunasogoa vivyo hivyo, na mgeni akituona alidhani tumerukwa na akili.

Baba yake alikuwa mpigaji wa beni ya kijiji, lile kundi letu la matarumbeta. Alipiga yufonia, lile tarumbeta kubwa la kupakata kifuani, lenye sauti nene inayokuingia mpaka kwenye mbavu. Alimfundisha Annis katika chumba cha kufulia, mlango ukiwa umefungwa, kwa kuwa beni ilikuwa ya wanaume na mama mtu alikuwa akiona haya.

"Utatoka mdomo kama wa bata," mama alimwambia. "Nani atakuoa?"

"Bata mwenzangu," alijibu Annis. Ndivyo alivyokuwa.

Vita vilipokuja, wanaume waliitwa jeshini mmoja baada ya mwingine, beni ikabaki na vikongwe na viti vitupu. Wilfred Buckley, fundi wetu wa mitambo, ndiye aliyekuwa mpiga yufonia wakati huo, naye akapelekwa Burma. Basi Mzee Enoch Lees, muuza nyama, mwenyekiti wa kamati ya beni, alikuja mwenyewe mpaka mlangoni kwa Annis, kofia mkononi, akamletea koti la Wilfred akalipunguze mikono. Miaka yote ya vita Annis alipiga: kanisani, makaburini, na stesheni wakati vijana wetu wakipanda treni. Sikumsikia hata mmoja akisema mwanamke hafai.

Kisha wanaume wakarudi. Wilfred alirudi mifupa mitupu, meno yake ya mbele yamebaki katika kambi ya wafungwa wa vita huko Burma. Kamati ikakaa, ikaamua kwamba kiti kina mwenyewe, na Annis alikuwa amekishikilia tu. Angepiga kwa mara ya mwisho kwenye mashindano ya beni ya Ijumaa inayofuata Pentekoste, kwa sababu Wilfred alikuwa hajayazoea meno ya bandia. Jumamosi arudishe koti. Mwaka ulikuwa elfu moja mia tisa arobaini na saba. Redio ilikuwa ikituambia kila jioni kwamba nchi inajengwa upya na kila mtu atapata haki yake. Nadhani kamati ya beni haikuwa na redio.

"Na wewe umekubali?" nilimuuliza Annis, midomo mitupu, mitambo ikinguruma katikati yetu.

"Hawakuniuliza. Wameniarifu tu."

"Sasa?"

"Sasa naitaka ile ngao."

Nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Katika bonde letu zima mpigaji bora wa siku ile hupewa ngao, na mwenye ngao hang'olewi kitini mpaka Pentekoste nyingine, hata kama ni mlevi, hata kama ana deni kwa kila mtu. Hiyo ni desturi na haina mjadala. Tena mwamuzi hukaa ghorofani kwenye baa, mapazia yamefungwa, asijue beni ya kijiji gani inayopita chini yake. Kazi yake ni kusikiliza tu. Hawezi kujua kama anayepuliza amevaa suruali au sketi.

"Ukiikosa?" nikamuuliza.

"Nitarudisha koti. Nimeshalipiga pasi." Alipolisema hilo midomo yake ilitetemeka kidogo, na mimi nikajifanya nimeshughulika na uzi uliokatika.

Ijumaa hiyo kijiji kizima kilikuwa barabarani, wasichana wadogo katika magauni meupe yaliyoshonwa kwa mapazia ya zamani, kwa maana nguo bado zilikuwa za mgawo. Beni zilipanda kilima moja baada ya nyingine. Yetu ilipita ya tatu. Ilipofika chini ya lile dirisha lenye mapazia ikasimama, na katikati ya wimbo wengine wote wakanyamaza wakamwachia Annis. Mashavu yalimwiva, macho akayafumba. Sijui muziki, siwezi kuwaeleza alichofanya. Ninachojua ni kwamba Bi Doris, mfumaji mwenzetu ambaye hakulia hata alipomzika mumewe, alinishika mkono akaubana mpaka ukaniuma.

Jioni wanaume wakaingia kwenye chumba chao cha baa kungoja matokeo. Mwanamke hakuruhusiwa kukanyaga mle. Tulibaki njiani, kundi zima la wafumaji, mbele ya dirisha kubwa la chumba hicho, na Annis kati yetu akiwa bado amelikumbatia tarumbeta lake. Mwamuzi aliposhuka ngazi, bwana mmoja wa mjini mwenye miwani, Mzee Enoch aliinuka akalifunga dirisha vizuri ili sisi tusisikie.

Maskini Enoch! Maisha yake yote alikuwa kwenye bucha, kiwandani hakuwahi kutia mguu. Kisha akaenda kusimama pale pale kwenye taa, kando ya mwamuzi, nyuso zao zote mbili zimetuelekea.

Mwamuzi akasema, nasi tukamsoma midomo kupitia kioo cha dirisha neno kwa neno: "Ngao ni ya beni ya tatu. Yule jamaa wa yufonia. Anaitwa nani?"

Tulitaka kupiga vigelegele. Lakini Enoch alitazama kushoto na kulia, akameza mate, akasema, "Wilfred Buckley. Huyu hapa."

"Mwongo mkubwa!" alifoka Doris. "Nyama yake yenyewe mifupa mitupu! Nipisheni nivunje hilo dirisha!" Alikuwa ameshavua kiatu.

"Vaa kiatu chako, Doris," alisema Annis. Alisogea, akagonga kioo kwa ukucha.

Wilfred aligeuka. Yeye alikuwa fundi wa mitambo, mtu wa kiwandani, lugha yetu aliijua tangu ujana. Annis hakutoa sauti. Midomo yake ikasema, "Wilfred. Ulipiga wewe?"

Mkono wa Enoch ulikuwa begani mwa Wilfred. Naye akajibu kwa midomo, polepole, kwa sababu ya yale meno: "Kule kambini, Annis, nilikuwa nikikiota kiti kile kila siku."

"Najua. Sikukuuliza hilo."

Niliona kwamba Wilfred anaweza kunyamaza tu na mambo yote yakaishia hapo, na kwamba kijiji kingemsamehe, maana nani angemlaumu mtu aliyetoka kule alikotoka? Wilfred akautoa mkono wa Enoch begani, akaja akalifungua dirisha kwa mikono yake.

"Bwana mwamuzi," alisema kwa sauti ambayo barabara nzima iliisikia, "mimi meno yangu hayashiki hata filimbi. Aliyepiga ni yule pale, mwenye nywele nyekundu."

Tangu siku hiyo sijamruhusu mtu kumsema Wilfred Buckley mbele yangu. Baadaye alikubali kukaa kiti cha pili, kando ya Annis, wakawa wanagombana kila mazoezi juu ya mwendo wa nyimbo, na miaka mingi baadaye, alipofariki, Annis ndiye aliyempigia makaburini. Leo wasichana wa beni ile ni wengi kuliko wavulana, nao hawajui kwamba palikuwa na siku ambayo jambo hilo lilitegemea mtu mmoja kufungua dirisha.

Lakini nirudi jioni ile. "Mwanamke?" mwamuzi alishangaa, akavua miwani, akaivaa tena.

"Mwanamke, bwana," alisema Enoch haraka. "Ndiyo maana nikaona, kwa heshima ya..."

"Mimi sikuulizwa ni nani amevaa nini," mwamuzi akamkata. "Niliulizwa nani amepiga vizuri. Mpe ngao yake."

Enoch akanywea. Aliichukua ngao, akainyoosha dirishani kama mtu anayemuuzia mteja maini. "Haya, pokea, binti. Hongera. Pokea hapa hapa, si unajua humu ndani hamruhusiwi."

Annis hakunyoosha mkono. "Mzee Enoch, Wilfred alipoipata kabla ya vita, aliipokelea wapi?"

"Hapa ndani. Lakini—"

"Basi nisubirini."

Akanikabidhi tarumbeta. Akazunguka mpaka mlangoni, akausukuma kwa bega, akaingia na lile koti lake la beni. Kupitia dirishani nilimwona akiipokea ngao kwa mikono miwili, akavuta kiti, akakaa, akaiweka mezani mbele yake. Mwenye baa akamtazama Enoch, Enoch akatazama viatu vyake.

"Bia," alisema Annis. "Na wenzangu wako nje wana kiu."

Doris ndiye aliyetangulia. Mimi nilifuata nikiwa nimekumbatia tarumbeta, na mwenye baa akaanza kuhesabu glasi.